Kiingereza cha Kuombea Maji

Jumamosi moja kamati ya maji ya mtaa wetu ilikaa kuandika barua. Pampu ya kisima ilikuwa imekufa wiki tatu nyuma, wenye maguta walikuwa wamepandisha dumu la lita 20 kutoka shilingi 200 hadi 500, na ilisemekana kuna wafadhili huko Ulaya ambao wakiandikiwa vizuri hutoa. Kuandikiwa vizuri maana yake kuandikiwa Kiingereza. Kufikia saa nne asubuhi tulikuwa tumeshaeleza kina cha kisima, idadi ya kaya na bei ya pampu mpya. Saa sita bado tulikuwa kwenye sentensi ya mwisho, ile ya kusema tunangoja majibu.

Katibu alikuwa ameandika "We look forward to hear from you". Kijana mmoja aliyemaliza chuo akanyoosha mkono, akasema iwe "hearing". Mwalimu mstaafu, aliyeifundisha lugha hiyo miaka thelathini na ushei, akavua miwani.

"Mwanangu, baada ya 'to' kitenzi hukaa kikavu. To go, to eat, to hear. Hilo analijua hata mtoto wa darasa la tano."

"Samahani Mwalimu," kijana akajibu, "lakini 'to' hii siyo ile."

Kukawa kimya. Kwamba kuna "to" mbili, zimefanana kama mapacha lakini hazili sahani moja, ilikuwa habari mpya kwa wengi wetu. Bibi mmoja aliyekuja na ndoo yake, akidhani kikao cha maji hugawa maji, akauliza, "Kwani wanangu, huyo mnayemwandikia hajui kiu ni nini mpaka mumtilie hicho ki-ing?" Akaambiwa avute subira.

Mtu mwenye Kiingereza kidogo tunasema ana Kiingereza cha kuombea maji. Sikuwahi kuuona msemo huo ukitimia neno kwa neno namna ile. Na tangu siku hiyo nimekuwa nikifikiri kwamba sarufi ya Kiingereza imetukanwa vya kutosha, na watoto wa shule, na waandishi, na mimi mwenyewe. Hajatokea mtu wa kunyanyuka kwenye kiti akaitunze, kama anavyotunzwa mwimbaji wa taarabu. Nanyanyuka mimi.

Msifiwa huanzwa kwa ukoo wake. Bi Sarufi hana ukoo. Kiswahili chetu kina baraza lake, BAKITA, tangu 1967; neno likikukera unapo mahali pa kwenda kubisha hodi. Waingereza walishauriwa mapema wafanye kitu kama hicho: mwaka 1712 Jonathan Swift, huyu wa safari za Gulliver, aliiomba serikali iunde baraza la kuinyoosha lugha na kuifunga isiyumbe tena. Halikuundwa. Kwa hiyo kanuni za Kiingereza zilikua kama mtoto wa mtaani, kila apitaye akamnyoa kwa wembe wake.

Mmoja wa waliopita na wembe alikuwa John Dryden, mshairi wa mfalme. Mwaka 1672 alifungua tamthilia ya Ben Jonson, mtu aliyekuwa kaburini miaka thelathini na mitano, akakuta sentensi imeishia kwenye kihusishi. Wasomi wa zama hizo walikuwa wamelelewa na Kilatini, na Kilatini hakiachi kihusishi kikining'inia mkiani. Dryden akamkosoa marehemu. Kisha akajitazama, akagundua na yeye anao ugonjwa uleule. Basi akakirudia kitabu chake cha 1668 kilichohusu tamthilia, na toleo la 1684 lilipotoka vihusishi vilikuwa vimehamishwa, kama mtu anavyofukuza kuku sebuleni baada ya kusikia mgeni yuko njiani. Kitabu hakikuzidi utamu wala hakikupungua. Ila kuku hawakuonekana.

Lakini ninayempenda zaidi ni Robert Lowth, kasisi aliyekuja kuwa askofu wa London. Sarufi yake fupi ya 1762 ina utamu wake chini ya kurasa, kwenye tanbihi. Huko chini Lowth amewapanga foleni wakubwa wa lugha yake na kuwasahihisha mmoja mmoja: Shakespeare, Milton, Swift, hata wale waliotafsiri Biblia ya mfalme. Hebu fikiri adabu hiyo. Shakespeare amekufa 1616, ameacha tamthilia ambazo dunia nzima inaziigiza, na karibu karne moja na nusu baadaye anapelekewa matokeo kwamba amefeli. Hapo ndipo ukuu wa Bi Sarufi unapoonekana. Mitihani mingine hutungwa kabla ya mtahiniwa kuketi. Wake hutungwa mtahiniwa akishazikwa. Na Lowth alipofika kwenye kile kihusishi cha mkiani, akaeleza kwamba Kiingereza kina mwelekeo mkubwa wa kukiweka huko ingawa maandishi ya heshima hayakipendi, na sentensi yenyewe aliyoelezea mwelekeo huo ameikata palepale kwenye kihusishi. Wapo wanaosema alikuwa akitania. Sisi husema mganga hajigangi.

Katika Julius Caesar, Shakespeare anamwekea Antony mdomoni sifa moja iliyozidishwa mara mbili, kwa neno la mbele na kwa kiambishi cha nyuma, ili lile pigo la Brutus liume zaidi. Mtoto wa kidato cha pili akiandika hivyo anachorewa duara. Mwalimu Nyerere, ambaye tafsiri yake ya tamthilia hiyo ilichapishwa 1963, alipona hilo balaa: Kiswahili hakina kiambishi cha kuzidisha sifa, kwa hiyo kosa lile halikupata mahali pa kukaa.

Mimi sikupona. Nilikuwa kidato cha kwanza, ndiyo kwanza nimetoka shule ya msingi ambako hesabu na sayansi, na hata Kiingereza chenyewe, vilifundishwa kwa Kiswahili. Tukaambiwa tuandike insha juu ya mtu tunayempenda. Niliandika juu ya bibi yangu mzaa mama, aliyefariki mwezi mmoja kabla. Nilieleza alivyokuwa akisonga ugali amekaa kwenye kigoda, sufuria ameibana kwa nyayo, huku akitusimulia kisa ambacho hakukimaliza hata siku moja kwa sababu ugali huwahi kuiva. Nilieleza na asubuhi tuliyomkuta. Kichwani mwangu ilikuwa alipika, alicheka, alilala, na hiyo a- yetu haimuulizi mtu kama ni mke au mume. Kwenye daftari ikatoka "he".

Daftari lilirudi na maduara mekundu kumi na moja, moja kwa kila "he". Alama 4 kati ya 20. Pembeni, kwa mwandiko mzuri sana, mwalimu alikuwa ameuliza: "Is your grandmother a man?"

Nashukuru mpaka leo. Nilikuwa nimelia mwezi mzima. Jioni ile nilikaa kuyahesabu maduara, nikayahesabu tena, na kwa mara ya kwanza tangu msiba nikafika kitandani bila kumkumbuka bibi.

Isidhaniwe kwamba wenye lugha wenyewe walikuwa na nafuu. Mwaka 1850 Bunge la Uingereza lilitunga sheria kwamba katika sheria zake neno la kiume lihesabiwe limewabeba na wanawake. Bunge zima, na makarani wake, na idhini ya Malkia juu yake, kufanya kazi ambayo ile a- huifanya bure. Na kumbe "they" ilikuwepo siku zote. Chaucer aliitumia kwa mtu mmoja asiyejulikana jinsia tangu karne ya 14, Jane Austen akaitumia bila wasiwasi. Wanasarufi wakaikataa, eti mmoja hawezi kuwa wengi. Hawajawahi kumwona mkwe akija kwa matembezi.

Kuna watu watasema hizi kanuni hazina faida ya fedha. Waulizeni madereva wa kampuni moja ya maziwa katika jimbo la Maine, Marekani. Sheria ya jimbo lile ilikuwa na orodha ya kazi zisizolipwa malipo ya ziada, na mwishoni mwa orodha palikosekana koma moja. Madereva wakadai kwamba bila koma ile kinachotajwa ni kufungasha tu, siyo kusambaza, na wao kazi yao ni kusambaza. Mwaka 2017 mahakama ya rufaa iliona hoja yao inasimama, na mwaka uliofuata kampuni ikakubali kulipa dola milioni 5. Koma isiyokuwepo! Mimi nimeweka koma maelfu maishani mwangu na hakuna aliyewahi kunipa hata nauli.

Kwenye fasihi ndipo Bi Sarufi ametenda wema mkubwa kuliko wote: amewapa waandishi ukuta wa kuruka. Dickens alianza Bleak House kwa sentensi ya neno moja, jina la mji, kisha akaendelea na matope na ukungu karibu bila kitenzi kilichokamilika, na msomaji anahisi kabisa unyevu kwenye soksi. James Joyce mwaka 1922 alimaliza Ulysses kwa sura ambayo mwanamke anawaza kitandani kurasa kwa kurasa na nukta zinahesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Watu hawa waliitwa mabingwa. Ukuta waliouruka waliujua kwa kimo chake, tena mbele ya hadhira iliyojua kwamba wanaujua.

Amos Tutuola aliuruka bila kujua kama upo. Alikuwa Myoruba wa Abeokuta, mwenye miaka michache ya shule, tarishi katika ofisi ya serikali mjini Lagos. Mwaka 1952 Faber and Faber wa London wakachapa The Palm-Wine Drinkard, hadithi ya mlevi wa tembo anayemfuata mgema wake aliyekufa mpaka mji wa wafu. Kiingereza chake kinatembea kwa miguu ya Kiyoruba: kinarudiarudia, kinahesabu kila kitu mpaka pauni na shilingi, hakiogopi. Mshairi Dylan Thomas akakisifu gazetini. Wasomi wengi wa kwao Nigeria wakainamisha vichwa kwa aibu: wazungu watadhani sote tunaandika hivi. Siwacheki. Ni aibu ya mtu aliyelipa karo, akachorewa maduara yake, akayafuta moja moja kwa jasho, halafu anamwona tarishi anapita mlango wa mbele na matope miguuni. Angekuwa amepitia mikononi mwa yule mwalimu wangu, mgema angebaki kaburini na tembo lingekuwa maji. Miaka thelathini na mitatu baadaye Ken Saro-Wiwa alitoa Sozaboy, na huyo hakusubiri kukosolewa. Alijitangazia juu ya kitabu chenyewe kwamba Kiingereza kilichomo kimeoza.

Na kwao kwenyewe Bi Sarufi anazeeka vibaya. Mwaka 2001 mwandishi wa habari mstaafu, John Richards, alianzisha chama cha kuitetea ritifaa, ile alama tunayoiweka kwenye ng'ombe, kwa sababu wenzake walikuwa wakiitupia hovyo kwenye mabango ya nyanya na viazi. Mwaka 2019, akiwa na miaka 96, alitangaza kukifunga. Alisema ujinga na uvivu vimeshinda. Nilipoisoma habari hiyo niliona nimwandikie aje kuishi kwetu. Huku bado tupo watu wazima wenye familia tunaosoma ujumbe wa simu mara tatu kabla ya kuutuma, tukihofia "its".

Barua yetu ya maji ilikwenda. Tulipiga kura: "hear" saba, "hearing" nne, na bibi mwenye ndoo hakuruhusiwa kupiga kwa kuwa si mjumbe. Majibu yalikuja baada ya wiki sita. Wafadhili walishukuru, walisema wameguswa, wakauliza jambo moja: mbona hatukuandika namba ya akaunti ya benki? Kweli hatukuandika. Mchana ule ulituishia mkiani mwa barua.

Katibu aliisoma barua yao kwa sauti mbele ya kamati, na alipofika mstari wa mwisho akasita. Walikuwa wameandika kwamba "they look forward to hear from us".

Mwalimu mstaafu hakusema kitu. Aliichukua karatasi, akaishika mbali na macho, akaisogeza karibu, kisha akaiweka mezani mbele ya kijana wa chuo na kuigonga kwa kidole palepale.

"Mwalimu," kijana akasema, "hawa ni Waholanzi. Lugha si yao."

"Na wewe, ni yako?"