Namna ya Kumfikisha Baunsa Kwenye Altrasaundi

Kumtoa nyumbani ndiyo kazi. Kijana anayeinua kilo 100 bila ya kuguna atakwambia goti lake linamsumbua kidogo tu. Atalipaka mafuta ya karafuu, atalifunga kitambaa, na magharibi utamkuta tena chini ya chuma kile kile, bomba lenye ndoo za rangi zilizojazwa zege huku na huku. Usibishane naye juu ya maumivu. Mwombe ashuke ngazi. Ngazi za nyumba za Mji Mkongwe ni kali, na mwenye kano mbovu chini ya pia ya goti ni shida kuzishuka bila ya kujigeuza ubavu au kung'ang'ania ukuta. Akifika chini ameuma meno, mkamate mkono mwende kabla hajapata udhuru.

Njiani mwambie ukweli, kwamba mnakwenda altrasaundi. Usimfiche, kwa sababu akifika na kukuta benchi limejaa wajawazito atataka kurudi. Unguja kipimo hiki kimejulikana kwa mimba, na baunsa akibanwa katikati ya mama wanne wanaomtazama tumbo ataona haya ambayo chuma hakijapata kumpa. Mpe habari ya kumtuliza: tangu mwaka 1972 madaktari wawili, McDonald na Leopold, walikwisha kuandika jinsi altrasaundi inavyotenganisha uvimbe wa maji nyuma ya goti na damu iliyoganda kwenye mshipa wa mguu. Magoti yamo kwenye mashine hii zaidi ya miaka 50. Basi na aketi, awaamkie mama zake, asubiri zamu.

Mkiitwa, angalieni kipimio, kile kinachopitishwa juu ya ngozi, kabla ya kulala kitandani. Kile cha wajawazito kina uso wa mviringo na hufanya kazi kwenye megahezi 2 hadi 5, maana mtoto yuko mbali ndani. Kano iko karibu na ngozi. Inataka kipimio bapa cha megahezi 10 au zaidi, kisichofika mbali lakini kinachoona nyuzi moja moja. Mashine nyingi zinakuja na vyote viwili, na kile bapa mara nyingi kinaning'inia pembeni hakiguswi. Muulizeni daktari kwa adabu: "Samahani daktari, tunaweza kutumia kile bapa?" Hakuna daktari mwenye kuipenda kazi yake atakayechukia swali hilo. Goti lililopimwa kwa kipimio cha tumbo, kisha likaambiwa halina kitu, bado halijapimwa.

Sasa mlaze. Taulo likunjwe liwekwe chini ya goti, lipinde kidogo kano ivutike. Baunsa ataruka jeli ya baridi ikimgusa. Mshike bega, mwambie ni maji tu. Daktari ataanza kwa urefu wa kano, kisha ataitazama kwa upana. Tazama skrini pamoja naye. Kano nzima huonekana nyeupe, nyuzi zimelala sambamba, zimebana kama ukili uliosukwa na mkono wa bibi wa Makunduchi. Iliyochoka imevimba, imeingia weusi, na nyuzi zake hazifuatani tena. Iliyokatika ina pengo jeusi, na hapo daktari atamwambia akunje na kunyoosha taratibu aone kama ncha zinaachana. Hili ndilo ninaloipendea altrasaundi kuliko hata MRI: mtu anajongea na kano yake inaonekana ikijongea, papo hapo.

Lakini kano ni laghai. Kipimio kikiinama kidogo tu, mawimbi hayarudi sawa na kano nzima inatoka nyeusi utadhani imeoza. Fundi mzuri akiona weusi hukiweka kipimio wima kwanza, ndipo aseme. Akiwasha zile rangi za kuonyesha damu, goti linyooshwe na mkono uwe mwepesi, kwa sababu kano ikivutika au ikikandamizwa vijishipa vipya vinavyoota kwenye kano iliyochoka hubanwa visionekane. Tena apime magoti yote mawili. Baunsa atasema la kushoto halina neno. Lipimwe hivyo hivyo. Mara nyingi litakutwa na weusi wake na halimuumi hata kidogo.

Hapo ndipo watu wengi hupotea, nami naomba tusipite mbio. Wanamichezo wengi wana kano zenye picha mbaya na wanaishi salama salimini. Wengine picha yao si ya kutisha na ngazi hawashuki. Kwa hiyo daktari na aweke kidole pale panapouma, kisha aweke kipimio pale pale, aulize chuma kiliongezwa lini na kwa kiasi gani. Picha bila ya maswali hayo ni ya kurushia marafiki simuni, na baunsa atairusha, namjua.

Kuna dharura moja isiyongoja zamu. Akiwa anang'oa chuma chini, kiganja kimoja kimetazama mbele na kingine nyuma, akasikia kitu kimekatika kwenye kiwiko, mkono ukavia damu na msuli ukajikusanya juu, mpelekeni siku ile ile. Kano ya namna hiyo ikihitaji kushonwa, hushoneka vizuri ndani ya majuma machache ya mwanzo. Mchuaji, kwa heshima zake zote, hawezi kuiunga, na kuisugua ni kumpotezea mtu muda wake.

Wengi, alhamdulillahi, hawatahitaji kisu. Watahitaji subira, dawa ambayo baunsa haipendi. Mwaka 1998 Håkan Alfredson na wenzake wa Sweden walichapisha mazoezi ya kano ya kisigino: mtu asimame ukingoni mwa ngazi, ashushe kisigino polepole, mara 180 kwa siku, kwa majuma 12. Ngazi tunazo, kila nyumba. Kano hupona kwa kubebeshwa mzigo unaoongezwa kidogo kidogo, na huchafuka kwa mzigo unaokuja ghafla. Ndiyo maana naogopa mfunguo mosi: kijana amepumzika Ramadhani nzima, anakula Sikukuu, kesho yake anapachika uzito wake wa Shaabani. Aanze na nusu.

Mpekue na mfuko wake pia. Sipro, ile dawa anayonunua dukani bila ya cheti kila tumbo likimvuruga, imo katika kundi la dawa zinazoweza kukata kano. Marekani ilizitaka ziandikwe onyo zito kwenye karatasi zake mwaka 2008. Sindano za steroidi za kutunisha misuli humpa mtu nguvu ambayo kano zake hazijawa tayari kuibeba. Zile za kutuliza maumivu zikichomwa ndani ya kano zinaweza kuilegeza, hata kama kesho yake atasema amepona. Daktari ayajue yote haya, na baunsa akinyamaza, sema wewe.

Na sijamaliza, kwa sababu wanyanyuaji wakubwa wa mji huu hawaendi jimu. Wako Darajani na bandarini Malindi, wanabeba mfuko wa saruji wa kilo 50 begani, safari baada ya safari, bila ya kupasha mwili wala siku ya kupumzika. Kano ya bega la hamali inasagika sawa na ya baunsa, ila yeye hana wa kumshika mkono kumpeleka, na asipobeba leo hali leo. Kumpima huchukua dakika chache tu. Ombi langu kwa wanaosomesha madaktari hapa Unguja ni kwamba kipimio bapa kifundishwe kwa bidii ile ile ya kile cha wajawazito. Nawe msomaji, ukishampeleka baunsa wako, rudi umchukue na hamali anayekubebea mchele. Mlipie nauli na ile siku moja ya kazi atakayoikosa.