Nipe Wimbo Mwepesi, Mjomba

Kibanda umiza changu kipo Miteja, kando ya barabara kuu ya kwenda Lindi na Mtwara, na kazi yake ni mpira. Simba na Yanga wakikutana, watu hujaa mpaka wengine wanatazamia dirishani kwa nusu bei. Ligi ikiisha, mabenchi wanayalalia kuku. Msimu mmoja, mnada wa ufuta umeshapita na kila nyumba ina vijisenti, vijana wakanijia: Mjomba, tuwekee karaoke. Runinga ipo, spika ya matairi ninayokodisha harusini ipo na maiki zake mbili, simu unayo. Bando tutachanga.

Tukakubaliana tuanze Jumamosi baada ya swala ya isha. Watu walikuja, wakakaa, wakanunua karanga. Kisha nikainua maiki na kuuliza nani anaanza, na vijana wote wakagundua kwa mpigo mmoja kwamba kamba za viatu zimefunguka. Wengi walikuwa wamevaa ndala.

Nilishangaa, maana hawa hawa nawajua. Huyo aliyejificha nyuma ya nguzo ndiye kiongozi wa kaswida wa madrasa. Siku ya Maulidi husimama mbele ya wageni kutoka Somanga mpaka Nangurukuru akaachia koo bila hata kukohoa. Yule binti aliyejifunika khanga mpaka puani, ngomani hakuna wa kumnyang'anya wimbo. Sasa maiki inawatisha nini?

Nadhani ni upweke. Kwenye kaswida wamejipanga safu, wanayumba pamoja, dufu linawafunika. Ngomani mmoja akianzisha wapo hamsini wa kuitikia, na hata akikosea, kosa linazikwa na kiitikio kabla halijapata jina. Pwani yetu hii mtu hazoeshwi kuimba peke yake. Anayeimba peke yake huwa anachunga mbuzi au amefiwa.

Anayetajwa sana kuwa mbunifu wa mashine hii ya kuimbia naye hakutufikiria. Ni Mjapani, Daisuke Inoue, mpiga kinanda wa baa za mji wa Kobe, aliyezoea kuwafuata wateja wasiojua kuimba popote walipopotelea. Mteja mmoja alitaka asafiri naye akampigie muziki, naye hana nafasi, akamrekodia kanda. Mwaka 1971 akatoka na mashine yenyewe. Hakuichukulia hataza, wakatajirika wengine. Mwaka 2004 wakampa tuzo ya Ig Nobel ya amani, ile ya mzaha inayotolewa Marekani, kwa kuwafundisha binadamu namna mpya ya kuvumiliana. Basi Kobe unaimbia watu waliokwisha kunywa na ambao kesho huenda msionane. Miteja unaimbia mama yako, mwalimu wako, na muuza duka anayemdai mama yako.

Mpwa wangu, miaka kumi na tano, sauti imeanza kukwaruza, ndiye aliyesukumwa mbele na wenzake. Akaninong'oneza, "Mjomba, nipe wimbo mwepesi."

Nikampa "Malaika". Nani asiyeujua? Fadhili William aliurekodi Kenya, Miriam Makeba akauzungusha duniani, na mwendo wake ni wa taratibu kabisa. Taratibu ndiyo iliyomponza. Wimbo wa haraka ukikosea unakimbia na kosa lako. Huu unasimama ulitazame. Sauti ya mpwa wangu ilianza kiume, ikapanda, ikakatika, ikarudi ya kike. Hilo lingepita. Ila wimbo wenyewe ni wa kijana anayetaka kuoa na hana fedha, na wazee wa huku hawasikilizi muziki, wanasikiliza habari. Babu mmoja akauliza kwa sauti, "Anamtaka binti wa nani huyu?" Dada yangu akasimama: "Kaka, umemfundisha nini mwanangu?" Nikazima. Tangu usiku huo nimeweka sheria: kwa kijana wa kijijini, wimbo wa mapenzi si mwepesi hata ukiwa na maneno matatu. Ni posa.

Wasichana wawili wakaomba "Pii Pii" wa Marlaw, waimbe wameshikana mikono. Hao walifaulu, na sehemu ya honi ilipofika, lori la kwenda Mtwara likapita nje likapiga honi ya kweli. Watu walishangilia kana kwamba tumempanga dereva. Mara ya pili ilipofika sehemu ile wasichana wakanyamaza wakisubiri lori. Halikuja.

Jogoo wa darasa lao akataka singeli. Nilimwonya. Singeli hata Msaga Sumu mwenyewe anaiimba akitweta, na maneno kwenye runinga yalipita kwa kasi ya basi lililochelewa Kibiti. Kijana akashika neno la kwanza na la mwisho. Katikati alipumua.

Nikarudi kwa mpwa wangu na hila mpya. Nikamwekea "Maria Salome" wa Saida Karoli. Hesabu yangu ilikuwa safi: wimbo una Kihaya kingi, nchi nzima iliucheza mwanzoni mwa miaka ya 2000 bila kuuelewa wote, na Diamond na Rayvanny walipourudia kwa namna yao mwaka 2016 kizazi kingine kikaucheza vilevile. Maneno yasiyoeleweka na yeyote hayana wa kukusahihisha. Mpwa wangu akatamka alichoweza, watu wakatikisa mabega, mambo yakawa mazuri. Kisha kwenye benchi la nyuma akasimama mwalimu wa Hesabu. Kwao Muleba.

"Hapana, hapana," akasema. "Rudia hapo."

Mpwa wangu alirudishwa mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka. Alikuwa karibu kulia umeme ulipokatika. Gesi ya Songo Songo, kisiwa cha wilaya yetu wenyewe, inakwenda Dar es Salaam kwa bomba tangu 2004 kuwawashia wenzetu taa. Sisi tulio jirani na bomba tunaonja giza mara kwa mara. Lakini spika ina betri, na simu yangu ilikuwa na chaji, kwa hiyo muziki haukukoma. Na humo gizani, wallahi, nikasikia sauti. Nzito, imetulia, haikwaruzi popote. Kihaya chake sijui, lakini mwalimu hakusema neno. Umeme ndio uliomharibia: uliporudi tulimkuta amefumba macho, mdomo wazi, mkono mmoja juu. Akafumbua, akatuona, akaweka maiki chini, akatoka nje.

Nikamfuata. Nikamwambia hakosi sauti, anakosa waitikiaji, na nikakumbuka wimbo ambao waitikiaji wamo ndani yake: "Ndio Mzee" wa Profesa Jay. Hauhitaji kupanda wala kushuka, ni kusema tu. Unajifanya mgombea, unamwaga ahadi zisizotimizika, na umati unakujibu kwa jina la wimbo. Jay mwenyewe, baada ya kuwacheka wanasiasa hivyo, aligombea, na mwaka 2015 akawa mbunge wa Mikumi, kwa hiyo hata ukikosea mstari hujui utafika wapi.

Tukarudi ndani. Nikafungulia kitufe cha eko mpaka mwisho, nikachukua maiki ya pili niongoze kiitikio. Mpwa wangu akaahidi kwa sauti ileile ya gizani, na kibanda kizima kikaitika. Babu wa posa akaitika. Dada yangu akaitika huku amesimama. Watoto waliokuwa dirishani waliitika hata pasipotakiwa. Alipomaliza walimzuia asishuke, akaongeza ahadi zake mwenyewe: daraja la kwenda Songo Songo, ufuta unaojivuna wenyewe, mitihani yenye majibu nyuma. Ndio mzee! Ndio mzee!

Hapo ndipo mwenyekiti wa kitongoji, aliyekuja kuangalia kelele ni za nini, alipoingia na kuona wananchi wake wana moyo ambao mkutanoni hajawahi kuuona. Akamwomba mpwa wangu maiki kwa heshima. Akasema choo cha shule kimetitia. Akasema kila kaya mfuko mmoja wa saruji.

"Ndio mzee!"

Na siku mbili za kuchimba.

"Ndio mzee!"

Na wafanyabiashara wa barabarani, mabati kumi kila mmoja.

"Ndio mzee!" Hapo wengine walikuwa wameanza kushtuka na sauti zimepungua, lakini moja ilitoka kubwa kuliko zote, ikajirudia ukutani na kwenye minazi, kwa kuwa mwenye nayo alikuwa ameshika maiki ya pili na eko haijafungwa.

Jumatatu asubuhi mtendaji alinifikia na daftari. Nikamwomba yawe mabati matano. Akasema kupunguza hana mamlaka, suala lilishapitishwa na mkutano.