Samaki Wana Kipimo

Nyeri siku hizi ina wastaarabu wanaofuga samaki wa mapambo sebuleni, kwenye tangi lenye bustani ya majani. Majani hupewa kabonidioksaidi ya mtungi. Ikizidi, samaki hutweta. Ndiyo maana ndani ya maji hubandikwa kijitufe cha kioo chenye kimiminika maalumu (si maji ya tangi, utajidanganya). Bluu, gesi haitoshi. Kijani, takriban miligramu 30 kwa lita, raha mustarehe. Manjano, funga mtungi! Na kwa kuwa rangi huchelewa saa moja au mbili kugeuka, mwenye nyumba hukesha akikodoa macho. Trauti wa Mto Gura, walioletwa kutoka Uskoti mwaka 1905, hawajawahi kuonyeshwa heshima hiyo.

Sasa ngoja Julai, baridi ya mlima ishuke mpaka Karatina. Jiko la makaa huingizwa chumbani, dirisha likafungwa, tambara likasukumwa chini ya mlango. “Makaa yameshika, hayana moshi,” tunaambiana. Lakini kabonimonoksaidi ya makaa hayo haina rangi wala harufu, na inaua.

Waheshimiwa, samaki wako salama. Jiko litolewe nje kabla ya kulala.