Lori Lisilojua Foleni

Mkazi wa Tunduma hahitaji gemu la malori. Anahitaji kupumzishwa na malori. Kamwambieni hivyo mpwa wangu, aliyepata PlayStation 2 ya mtumba na CD ya 18 Wheeler, gemu la Sega la kuendesha semitrela kuivuka Marekani. Honi za barabarani zilikuwa zinanitosha. Sasa nimeongezewa za sebuleni.

Gemu hilo lilianzia kwenye mashine za kumbi za michezo, zenye usukani mpana na kamba ya kuvuta honi ilie. Mwaka 2001 likaingia majumbani kwenye Dreamcast na PlayStation 2, na 2002 kwenye GameCube. Huko kwenye kuhama, kamba ikabaki. Honi imekuwa kitufe, na kidole cha mtoto hakichoki.

"Anko, usinisemeshe, muda unaisha!"

Muda gani? Eti dereva anakimbizana na saa! Akigonga vigari fulani njiani, anaongezewa sekunde. Hapa kwetu hebu gonga Noah ya abiria uone utaongezewa nini. Mpinzani wake ni mmoja tu, anaitwa Lizard Tail. Mmoja! Foleni yetu ina wanaochomekea kushoto, kulia, na wengine wanapita kwa bibi wa ndizi. Kisha huyo dereva wa gemu anavuka majimbo bila mizani, bila wakala wa forodha, bila mtu kumwambia mtandao uko chini. Angalau mzigo ukiumia malipo yanapungua. Hapo mtunzi aliujua udereva.

Kwetu, shaba ya Zambia na Kongo inateremka kwenda Dar, mafuta yanapanda kwenda huko, vyote vinabanana hapa mpakani na Nakonde ya Zambia. Kituo cha pamoja cha mpakani kilizinduliwa 2019 ili mambo yaende haraka, na bado kuna siku dereva anafua nguo, anazianika kwenye tela, zinakauka, anazivaa, na hajasogea.

Nikamweleza mpwa wangu gemu la kweli lingekuwaje: unazima injini, utingo anainjika ugali, jioni unasogea urefu wa tela moja, unazima tena. Mshindi ni yule ambaye posho yake haijakata.

Akanitazama kwa huruma. "Anko, sasa hilo nani atalicheza?"

Nikamfungulia mlango. Wachezaji walikuwa wamejipanga hadi kule Mpemba.