Uliza Shangazi: Ufuo wa Siri Uliojaa Watu

Wiki hii Shangazi amefungua barua za wasomaji waliokwenda, au wanaotamani kwenda, kwenye mahori ya Marseille, kusini mwa Ufaransa. Ni yale mahori membamba ya bahari yaliyobanwa na majabali meupe ya chokaa kuanzia Marseille hadi Cassis, ambayo wenyewe huyaita calanques. Shangazi hauzi tiketi, hana hisa kwenye boti ya mtu, wala halipwi kwa kusifia. Majibu ni makali, lakini ni ya bure.

*Shikamoo Shangazi. Mchumba wangu ametumiwa picha ya ufuo wa En-Vau. Maji yanang'aa, majabali yamesimama wima pande zote, na hakuna mtu hata mmoja. Anataka fungate yetu iwe huko, tuwe wawili tu. Nimeanza kuweka akiba. Je, ni kweli hakuna watu?*
— Bwana Harusi Mtarajiwa, Dodoma

Marahaba mwanangu. Mtu wa kwanza ni huyo aliyepiga picha. Waliokuwa wamepanga foleni nyuma yake wakisubiri awapishe, hao hawakuingia kwenye picha.

Jiulize: hori hilo limejificha kwa nani? Marseille ni mji wa pili kwa ukubwa Ufaransa, na mahori haya yako ubavuni mwake. Basi la mjini hukushusha Luminy, penye chuo kikuu, na njia ya miguu inaanzia hapo hapo. Siri gani hiyo yenye kituo cha basi?

Kwenda En-Vau, wengi huanzia Cassis. Utapita Port-Miou, hori refu lililojaa mashua, kisha Port-Pin, kisha utapanda, halafu utashuka korongo lenye mawe yaliyosuguliwa na nyayo za watu hadi yanateleza. Ni mwendo wa zaidi ya saa moja, na kurudi kote ni kupanda. Ukifika chini utalala juu ya kokoto. Maji ya kunywa hayapo, choo hakipo, na soda baridi uliiacha Cassis.

Ushauri wangu: mpeleke, lakini kabla ya harusi. Nendeni mwezi wa Mei au Oktoba, siku ya kazi, mtoke alfajiri na lita 2 za maji kila mmoja. Akishuka lile korongo na kulipanda tena bila kukununia, lipa mahari yote siku hiyo hiyo.

*Shangazi, nimeweka nafasi ya kwenda hori la Sugiton kwenye mtandao. Hawakunidai hata senti. Mume wangu anasema Ulaya hakuna cha bure, hao ni matapeli, na njia ya mlimani haiwezi kuwa na tiketi. Amekataa kujiandikisha. Nifanyeje?*
— Mke wa Mjuaji, Birmingham

Mwambie mkwe wangu kwamba cha bure kipo, na cha kulipia pia kipo. Cha bure ni nafasi. Cha kulipia ni faini ya euro 68 kwa atakayekutwa Sugiton bila nafasi.

Eneo lote ni Hifadhi ya Taifa, iliyoanzishwa mwaka 2012. Sugiton ndiyo iliyoteseka zaidi, kwa kuwa iko karibu na kituo cha basi nilichokitaja. Siku za kilele cha kiangazi ilikuwa ikipokea hadi watu 2,500. Miguu yote hiyo ilichimbua udongo, mizizi ya misonobari ikabaki nje, na miche mipya ikakanyagwa kabla haijapata nguvu. Tangu kiangazi cha 2022, siku za kilele wanaruhusiwa watu 400 tu. Unajiandikisha siku chache kabla, unapewa msimbo kwenye simu, na mlinzi anaukagua njiani.

Kwa hiyo wewe nenda na msimbo wako, yeye na ujuzi wake. Mlinzi ataamua nani apite.

*Shangazi, sisi tunaishi hapa Marseille. Jumapili ya Agosti tulitoka na watoto, sufuria ya pilau, jiko la mkaa, mishikaki mbichi na spika. Kufika, mlinzi akaturudisha. Anasema leo ni nyekundu. Siku iliyotangulia rafiki zangu walipita. Je, tumeonewa?*
— Mama Watano, Marseille

Pole mama, hamkuonewa. Kuanzia Juni hadi mwisho wa Septemba, wakuu wa mkoa huamua kila siku kama milima inafunguliwa au la, kulingana na hatari ya moto. Rangi ya kesho hutangazwa leo jioni. Ikiwa nyekundu, hapiti mtu, hata awe mzaliwa wa Marseille kwa vizazi saba. Rafiki zako walipita kwa sababu upepo wa jana si upepo wa leo. Ule upepo wao wa kaskazini, mistral, unakausha kila kitu, na misonobari ile ina utomvu unaowaka upesi.

Lakini mama, ngoja tuzungumzie hilo jiko. Mwezi wa Julai 2009, wanajeshi waliokuwa wakifanya mazoezi ya shabaha katika kambi ya Carpiagne, kwenye milima hiyo hiyo, walirusha risasi zenye moto. Zaidi ya hekta 1,000 ziliungua, na moto ukafika kwenye nyumba za pembezoni mwa jiji. Hilo ni jeshi, lenye makamanda na kanuni. Sasa wewe una watoto watano na kipepeo.

Moto hauruhusiwi huko mwaka mzima, sigara nayo hairuhusiwi, na spika vilevile. Pilau iende ikiwa imeshaiva, ndani ya chombo chenye mfuniko. Mishikaki ichomwe nyumbani. Muziki wataimba watoto, maana hao hawana kitufe cha kuzimia.

*Nahishimu, Shangazi. Mimi ni mtu wa bahari, nimelelewa na bahari. Nilialikwa Cassis, nikakaa juu ya jabali tangu asubuhi nikingoja maji yapwe nikatafute pweza miambani. Jua likazama, maji yako pale pale. Nikajitosa kwa hasira, nikatoka natetemeka meno. Agosti! Hii bahari ni nzima kweli?*
— Kijana wa Shela, Lamu

Marahaba mwana wa Lamu. Bahari ni nzima, ila haikulelewa na mwezi kama ya kwenu. Mediterania imezungukwa na nchi kavu, na mlango wake wa kuingia Atlantiki, pale Gibraltar, una upana wa kilomita 14 tu mahali pembamba zaidi. Mawimbi makubwa ya kujaa na kupwa hayapati nafasi ya kujijenga. Kwenu wakati wa bamvua maji hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3. Marseille ni sentimita 30 au 40, hata mchanga haujui kama umekauka.

Utulivu huo Wafaransa waliutumia. Walijenga nyumba ya kupimia maji ufuoni Marseille, wakapima kuanzia 1885 hadi 1897, na wastani waliopata ndio ukawa sifuri ya vimo vya nchi yao. Kimo cha mlima wowote wa Ufaransa bara kinahesabiwa kuanzia hapo. Kwa hiyo ulichokuwa ukikingoja siku nzima ni kitu ambacho taifa zima limekubali hakisogei.

Kuhusu baridi, mlaumu mistral tena. Upepo ule unasukuma maji ya juu yaliyopashwa na jua kuelekea baharini, na maji ya chini yanapanda kuchukua nafasi yake. Baada ya siku mbili tatu za upepo, hata Agosti unaweza kukuta nyuzi 15 au 16. Mwenyeji hutia mguu kwanza.

Na pweza, mwache. Sehemu kadhaa za bahari ya hifadhi ni marufuku kuvua kabisa.

*Shangazi, tulilipa nauli ya ndege ili tuone ufuo safi. Tumekuta marundo ya majani ya kahawia yananuka. Kwa nini hawafagii?*
— Mteja Aliyekasirika, Nairobi

Kwa sababu huo si uchafu, ni ukuta. Majani hayo ni ya posidonia, mmea wa Mediterania peke yake. Si mwani kama ule wanaolima kina mama wa Paje na Jambiani. Huu una mizizi, una maua, na huzaa matunda chini ya maji. Majani yakifa hutupwa ufuoni, na marundo yake huvunja nguvu za mawimbi ya dhoruba yasiuzoe mchanga. Fagia leo, na majira ya baridi yakipita uje utafute ufuo wenyewe. Ufaransa imeulinda mmea huu kisheria tangu 1988. Tandika mkeka wako mbele kidogo.

*Shangazi, koko wangu, yaani bibi yangu, amekuja kutoka Ngazija kututembelea. Anataka kuona mahori, lakini magoti hayamruhusu. Pia nimesikia huko Sugiton kuna watu wanaoota jua kama walivyozaliwa. Akiwaona, atarudi Moroni na habari zitakazonimaliza.*
— Mjukuu Mwenye Hofu, Marseille

Mjukuu wangu, Wakomoro wa Marseille ni makumi ya maelfu, kwa hiyo habari hizo Moroni zilishafika zamani. Hata hivyo, macho hayana pazia, na mzee ni wa kusitiriwa. Kuna dawa moja ya magoti na ya aibu: boti. Cassis zipo boti zinazozunguka mahori bila kushusha abiria. Koko atakaa, ataona majabali yote, na kwa umbali ule kila aliye ufuoni ana heshima zake.

Mkirudi mjini, mpeleke kwenye nakala ya pango la Cosquer, iliyofunguliwa Juni 2022. Pango halisi liko karibu na hori la Morgiou, na mlango wake uko mita 37 chini ya maji. Mpiga mbizi Henri Cosquer alilifikia mwaka 1985, na likatangazwa rasmi 1991, baada ya wapiga mbizi watatu kufia ndani ya njia yake. Ndani mna farasi, sili na alama za viganja vilivyochorwa zaidi ya miaka 20,000 iliyopita. Enzi hiyo ya barafu bahari ilikuwa chini kwa zaidi ya mita 100, watu wakaingia pangoni kwa miguu, na haya mahori yalikuwa mabonde makavu. Mwambie koko kuwa hata hao wachoraji hawakuwa na ufuo hapo.

*Shangazi, nimegundua kihori kidogo, hakuna mtu, hakuna kibao. Nina wafuasi wengi kwenye Instagram. Nikiweka picha na ramani, si nitakuwa nimewasaidia wenzangu?*
— Mgunduzi, Brussels

Hapana.

Naona unangoja maelezo. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Hifadhi ya Calanques ina kizuri kilichojiuza hadi kikaelekea kuharibika. Mwaka 2021 wakuu wake wakaamua kujitembeza kwa ubaya: wakaanza kuwaambia watu waziwazi kwamba njia ni ngumu, maji ni baridi na fuo zimejaa watu. Wenye mali wanaikandia mali yao ili ipone, halafu wewe unaitafutia wateja?

Kihori chako hakuna anayekilinda isipokuwa taabu ya kukifikia. Ukichora ramani umemfukuza mlinzi huyo. Oga, okota takataka zako, na ukiulizwa ulikuwa wapi sema ulikwenda kwa shangazi yako.

Kwenu wasomaji wote: mnaoniandikia kuuliza njia ya mkato, maegesho ya karibu na hoteli iliyo ufuoni kabisa, barua zenu nimezisoma na sitazijibu. Angalieni rangi ya kesho leo jioni, vaeni raba badala ya ndara, bebeni maji, na mrudi na kila mlichokwenda nacho.