Jumamosi Haihesabiwi

Mheshimiwa Mwenyekiti wa kikundi hiki cha kupunguza vitambi, Mheshimiwa Mweka Hazina, wanakikundi wote, na ninyi mnaochungulia dirishani mkidhani humu vinagawiwa vyandarua, itifaki imezingatiwa.

Kwanza nieleze mimi ni nani, maana Mwenyekiti amenitambulisha kwa sentensi moja, na sentensi moja hainienei. Mimi ni mtafiti huru wa masuala ya tumbo. Hakuna chuo kilichonifundisha, hakuna wizara iliyonituma, na mpaka sasa hakuna aliyefanikiwa kunizuia. Vyuo vina maabara zao. Mimi maabara yangu natembea nayo, na kama mlivyoshuhudia pale mlangoni, hutangulia kufika. Kwa uzoefu sina mpinzani. Wako watu waliopungua mara moja wakakomea hapo. Hao ni wavivu, hawana ari ya kurudia utafiti. Mimi napungua kila mwaka, kilo zilezile, mpaka tumezoeana. Zikiondoka naziaga, zikirudi nazikaribisha, na hatuulizani habari za njiani.

Mada niliyopewa ni athari za kula kupita kiasi mara moja moja kwa mtu aliyeazimia kupungua. Jibu langu, baada ya tafakuri nzito, ni kwamba hakuna. Asanteni kwa kunisikiliza. Ila kwa kuwa Mweka Hazina amenipa nauli ya kuja na kurudi, ngoja nifafanue.

Elimu yetu hii ina mababu. Mwaka 1614 daktari mmoja wa Italia, Santorio Santorio, alichapisha kitabu kuhusu kupima mwili kwa mizani. Bwana yule alitengeneza kiti kilichoning'inizwa kwenye mizani kubwa, akawa anakaa humo na kula. Kwa takriban miaka 30 alipima alichokula, alichokunywa, na kile ambacho mbele ya mama zangu sitakitaja. Akagundua kwamba kinachotoka chooni ni kidogo sana kuliko kinachoingia mdomoni. Sehemu kubwa hupotea bila kuonekana. Mmesikia wenyewe! Chakula hupotea. Miaka mia nne ushahidi upo, na bado kuna watu humu wanaogopa chapati ya pili.

Naona mkono mstari wa mbele. Huyu ni binti yetu, afisa lishe kutoka halmashauri, aliyekuja na daftari. Marahaba, binti yangu. Unasema kinachopotea hivyo ni pumzi na jasho. Sawa. Unasema hata mafuta ya mwilini yakishatumika hutoka zaidi kwa pumzi: kilo 10 zikiungua, kama kilo 8.4 hutoka kama hewa ya ukaa na 1.6 kama maji. Wanakikundi, andikeni! Mafuta hutoka kwa pumzi! Basi kuanzia leo natangaza zoezi jipya: kuhema. Mtu akimaliza kula, aketi kwenye kochi, aheme kwa bidii. Unasemaje tena? Lazima kwanza mwili uyatumie, kuhema peke yake hakuyaunguzi. Binti yangu, kila mara unafungua mlango vizuri kisha unaufunga.

Twende kwenye kisa halisi. Jumamosi iliyopita nilialikwa harusini. Nilichanga shilingi laki moja, kadi ya mtu mmoja. Hapa wachumi wanielewe: mtu aliyechanga laki moja akila sambusa mbili na kipande cha tikitimaji, amewatendea haki watoto wake? Nikapanga foleni kwa nidhamu. Pilau, halafu wali mweupe ili pilau isijisikie mpweke. Ndizi, kuku, mbuzi, samaki wa nazi, kachumbari kwa ajili ya afya. Mhudumu wa nyama, kijana aliyepewa mwiko na moyo mgumu, akaniwekea kipande kimoja. Nikamtazama. Akaongeza. Baadaye nikarudi kumsindikiza mgeni ambaye hakujua meza ilipo, na adabu hairuhusu kusimama mbele ya chakula na sahani tupu.

Jumapili asubuhi nikapanda mizani. Kilo mbili zimeongezeka. Mtu asiye na elimu angelia. Mimi nilitabasamu, na hapa naomba mnisikilize kwa makini, kwa sababu ninalolisema sasa, kwa bahati mbaya, ni kweli. Kilo moja ya mafuta ya mwili hubeba takriban kalori 7,700. Ili kilo zile mbili ziwe mafuta ningepaswa kula kalori 15,400 zaidi ya zile mwili wangu ulizohitaji siku hiyo. Nilijitahidi, lakini ukumbi ulifungwa saa sita usiku. Basi kilo zile ni nini? Ni maji, waungwana. Wanga wa wali ukishakuwa sukari, mwili huweka akiba yake kwenye ini na kwenye misuli, na kila gramu ya akiba hiyo hukaa na gramu kama 3 za maji. Chumvi ya pilau nayo huyashikilia maji yake. Ongeza chakula chenyewe ambacho asubuhi ile kilikuwa bado kiko safarini. Binti anatikisa kichwa kukubali. Iandikwe kwenye kumbukumbu.

Siku tatu baadaye yale maji yakaondoka. Nikapanda mizani: kilo mbili zimeshuka! Kilo mbili kwa siku tatu, bila jimu, bila maji ya limao, bila kunywa ule mchanganyiko wa tangawizi mnaouziana kwenye simu. Niliona ni utovu wa shukrani kulala bila kusherehekea, nikaagiza chipsi mayai. Anayetaka kanuni ya kisayansi aiandike: kilo zikipanda ni maji, zikishuka ni juhudi.

Mkono tena. Binti anaomba ubao. Mpeni, vijana wapewe nafasi.

Haya, ameandika. Jumatatu mpaka Ijumaa mtu anajibana, kila siku anakula kalori 500 pungufu ya mahitaji yake. Jumla 2,500. Mtu huyo namfahamu, anateseka sana, anakula mchicha na kutazama ukuta. Jumamosi anakwenda harusini anazidisha 1,500. Jumapili anapasha moto kile alichofungiwa, anazidisha 800. Binti anatoa. Zinabaki 200. Anagawa 7,700 kwa 200. Kwa mwendo huo, anasema, kilo moja ya mafuta itachukua wiki 38 na ushei kuondoka. Mama mmoja pale nyuma anasema huo ni muda wa kubeba mimba. Naomba utulivu. Naomba utulivu, jamani, hii ni hotuba ya kitaaluma!

Sasa ona binti alivyo muungwana, anaandika hesabu ya pili. Mtu ajibane 500 kila siku kwa siku 28: jumla 14,000. Siku moja katika hizo aende harusini azidishe 1,500. Anapoteza zile 500 alizokuwa ajibane na zile 1,500 za pilau. Zinabaki 12,000. Badala ya kilo 1.8 atapungua kilo 1.5 na ushei. Kwa hiyo harusi moja kwa mwezi haiui mtu. Mmesikia kutoka serikalini! Nilisema nini mwanzo? Anasema tatizo ni nani anayekwenda harusi moja kwa mwezi.

Nalijibu hilo kwa heshima zote. Mimi nakwenda moja. Ila harusi moja, binti yangu, ina sendofu yake. Ina kicheni pati, ambako mimi siingii lakini sahani hufika nyumbani. Ina vikao vya kamati, na kamati hainywi maji matupu. Harusi ikiisha kuna kuvunja kamati, na kamati haivunjwi bila mbuzi. Hapo sijataja kipaimara cha mtoto wa jirani, hitima, maulidi, Idd mbili, Krismasi, mgeni aliyetoka mkoani na kuku wake hai, na mwisho wa mwezi. Kila moja ya hizo ni mara moja tu. Kama zimepangwa kila wiki, aulizwe aliyetunga kalenda.

Na kudokoa mnajua hakuhesabiwi. Anayeonja mchuzi jikoni yuko kazini. Binti anasema kijiko kikubwa cha mafuta ya kupikia kina kama kalori 120, ukikila umesimama au umekaa. Tunapita.

Maana sasa nafika kwenye ugunduzi wangu mkuu, uliogharimu ujana wangu na suruali kadhaa. Nauita Kanuni ya Siku Iliyokwisha Kuharibika. Tuseme ni saa kumi jioni, siku nzima umekula matango. Jirani analeta sambusa. Unakula moja. Swali la kifalsafa: siku ile sasa ni nini? Imeharibika. Na kilichokwisha kuharibika hakiharibiki tena. Kwa hiyo chochote utakachokula kuanzia saa kumi mpaka usiku wa manane ni bure. Kula. Na kwa kuwa Jumapili ni ndugu wa Jumamosi, nayo imeharibika. Kupungua kunaanza Jumatatu. Lakini Jumatatu ikiangukia tarehe 29, hakuna sababu ya kuanza jambo zito mwezi ukiwa unakata roho. Subiri tarehe mosi. Tarehe mosi ikiwa Alhamisi, nani aliwahi kuanza jambo Alhamisi?

Binti anasema jambo hilo linajulikana. Mwaka 1975 watafiti wawili, Peter Herman na Deborah Mack, waliwapa watu maziwa mazito yenye sukari, kisha wakawawekea aiskrimu wale watakavyo kwa kisingizio cha kuonja ladha. Wasio na desturi ya kujinyima, wakishakunywa maziwa, walikula aiskrimu kidogo, tumbo lilikuwa limeshapata kitu. Wenye kujinyima wakafanya kinyume: walipokunywa maziwa walikula aiskrimu nyingi kuliko pale ambapo hawakupewa kitu. Walishaona siku imeharibika. Anasema sambusa ile moja haikuwa na neno kabisa. Kilichonichelewesha miaka yote ni zile tisa zilizofuata kuiliwaza.

Sijui alijuaje kwamba zilikuwa tisa. Ila nashukuru kusikia kwamba Wazungu waliniiga mwaka 1975.

Mnisamehe, harufu hiyo ya vitunguu inayotoka jikoni inanikatisha mawazo. Nilikuwa wapi? Ndiyo, Wamarekani. Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2000 uliwapima watu wazima 195 kipindi cha sikukuu zao, kuanzia ile ya Novemba ya kula bata mzinga mpaka Mwaka Mpya. Wenyewe walidhani wameongezeka zaidi ya kilo moja na nusu. Mizani ikasema wastani ni kilo 0.37. Hata nusu kilo haifiki! Wiki zote zile za bata mzinga! Hapo ndipo ninapowaambia watu wapunguze hofu, waongeze... Ndiyo, binti. Unasema miezi iliyofuata ile 0.37 haikuondoka. Ilibaki. Na mwaka unaofuata huja na sikukuu zake. Nadhani binti angekuwa hodari sana kwenye misiba.

Maswali machache. Baba mwenye kofia anauliza mtu afanye nini asubuhi baada ya kula sana. Jibu la kitaalamu ni kwamba... Binti ameshajibu. Anywe chai yake, ale kama siku nyingine yoyote, asijiadhibu kwa njaa mpaka jioni, kwa sababu jioni ataingia jikoni kama jeshi. Atembee kidogo akipenda. Mizani aiache ipumzike siku tatu nne, maji yaondoke. Ndivyo nilivyokuwa nakwenda kusema, neno kwa neno.

Kijana unauliza kama ni kweli kujiachia siku moja kwa wiki kunaushtua mwili ukaunguza zaidi. Ni kweli! Wangu umeshtuka tangu mwaka 2009. Binti anasema baada ya mlo mkubwa mwili huunguza zaidi kidogo kwa kazi ya kusaga, lakini sehemu kubwa ya kilichozidi huingia ndani na kukaa. Kijana, umesikia pande zote mbili, chagua.

Swali la mwisho ni la mama mwenye kitenge. Ndiyo, mama. Mimi mwenyewe nina kilo ngapi. Swali zuri, pana, lina historia ndefu, nashauri liletwe kwa maandishi. Binti, hiyo unayoitoa mkobani ni nini? Mheshimiwa Mwenyekiti, sakafu ya ukumbi huu haiko sawa, imeinama upande wa mashariki, kila mtu anaona. Basi, basi, napanda. Ila katibu aandike kwamba nimevaa viatu. Na mkanda. Na mfukoni nina funguo za nyumba nzima.