Meno Sita ya Dani

Chonge za juu za mwalimu mmoja wa hisabati mjini Migori zilikaa kama makanga wa matatu: mwili nje, mlango haufungiki. Alipofikisha miaka 34, na mkopo wa sacco ukatoka, aliamua kuzifunga waya.

Daktari wa meno mjini Homa Bay alitazama eksirei, akatikisa kichwa. Taya ndogo, meno mengi. Si kila mgonjwa hung'olewa, lakini yeye ilibidi magego madogo manne yatoke, mawili juu na mawili chini, ili mengine yapate pa kusogea.

Habari zilifika Ndhiwa kabla ya ganzi kuisha. Dani, nyanya yake, ni mmoja wa Waluo wa zamani waliopitia nago: meno sita ya mbele, ya chini, yakang'olewa utotoni bila sindano.

"Manne tu?" aliuliza kwenye simu. "Na ukalipa?"

Siku ya waya yenyewe haikuuma, na hapo ndipo mwalimu alipodanganyika. Meno yalikaushwa, yakapakwa tindikali kidogo ili gundi ishike, kila jino likabandikwa kijichuma na kumulikwa taa ya buluu. Waya ukapitishwa, ukafungwa kwa vijipete vya mpira. Alipanda gari la kurudi akitabasamu kwa kila abiria.

Kufika Rongo, akanunua hindi la kuchoma. Kijichuma kimoja kikabaki kwenye hindi. Gari likapita Awendo nyuma ya trekta la miwa, naye akaitazama miwa ile kama mtu anayemwona mchumba wake wa zamani akiolewa. Miwa, njugu, mifupa, nyoyo ngumu ya mahindi na maharagwe: vyote vilikuwa kwenye orodha ya marufuku mfukoni mwake.

Maumivu yalibisha hodi usiku. Waya husukuma jino, jino hukandamiza mfupa wa taya. Upande unaokandamizwa mfupa huliwa, upande wa pili mpya hujengwa. Kazi hiyo huenda polepole, kama milimita moja kwa mwezi, lakini siku tatu za kwanza mwalimu aliona kama yote inafanyika kabla ya alfajiri. Hata ugali ulikuwa mgumu. Alikunywa uji, tena wa vuguvugu, maana waya wake ulikuwa wa nikeli na titani, aina inayokaza ikipata joto na kulegea ikipata baridi. Maji ya friji yakawa dawa. Vyuma vilipokwaruza shavu, alivifunika kwa nta aliyopewa.

Darasani mambo yalikuwa mengine. "Thatha, thithi thote tutathame thwali la thita," alisema Jumatatu, na Kidato cha Pili kizima kikalala juu ya madawati. Jumatano, baada ya chakula cha mchana, msichana wa mbele aliinua mkono kwa adabu.

"Samahani mwalimu, kuna omena anachungulia."

Kweli alikuwepo, fedha juu ya fedha, amenasa kwenye waya kama wavuni Mbita. Tangu hapo mswaki ulihamia mfuko wa shati, jirani na kalamu nyekundu.

Kila baada ya wiki sita hivi alirudi Homa Bay kukazwa. Safari mbili kati ya hizo zilikuwa za kubandika upya vijichuma, na kila mara daktari alimuuliza kama ni hindi, naye akajibu kuwa ni ndizi.

Miaka miwili ikapita, waya ukatoka. Chonge zikawa zimeketi kwenye foleni. Lakini meno hukumbuka kwao, hivyo alipewa kishikizo cha plastiki angavu chenye umbo la meno yake, akivae kila usiku.

Dani alikuja Migori kuliona tabasamu. Asubuhi mwalimu alikivua kishikizo, akakiacha ndani ya kikombe jikoni. Dani akaenda kutafuta kikombe cha chai, akachungulia ndani, kisha akarudi hadi mlango wa chumba cha mjukuu wake.

"Nyakwara," aliita kwa upole, "kumbe waliyamaliza yote?"